Safari ya Cairo ipangwe kuanzia mji wa kale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu namna tunavyoshauriana kupanga safari za kwenda Cairo. Wasomaji wengi wanaokwenda Misri, wawe wametoka kutalii tu au wanapita wakielekea kwingine, hupewa ratiba ile ile: asubuhi piramidi za Giza, mchana makumbusho, jioni chakula ndani ya boti katika Mto Nile, na kesho yake uwanja wa ndege. Sina ugomvi na piramidi. Piramidi ya Khufu, ambayo ilipokamilika ilikuwa na urefu wa takribani mita 146, inastahili kila hatua ya anayeiendea. Kinachonisikitisha ni kwamba anayefuata ratiba hiyo hurudi nyumbani hajauona mji aliosema anakwenda kuuona, kwa sababu Giza iko ng'ambo ya magharibi ya mto na piramidi zake zilijengwa maelfu ya miaka kabla Cairo haijakuwapo, na chakula alichokula botini angeweza kukila katika hoteli yoyote kubwa ya nchi yoyote.

Cairo ni mji mkuu uliokuwa ukihamahama ndani ya eneo moja. Amr ibn al-As, jemadari wa Waislamu walioiteka Misri, alianzisha Fustat mwaka 641, na msikiti alioujenga huko, ingawa umejengwa upya mara nyingi, ndio wa kwanza katika Misri. Waabbasi wakaja wakajenga al-Askar, kisha Ahmad ibn Tulun akajenga al-Qata'i, na mwaka 969 jemadari Jawhar akaweka msingi wa al-Qahira, ambalo ndilo jina la Kiarabu la Cairo, kwa ajili ya Khalifa al-Mu'izz wa nasaba ya Fatimiya. Kila utawala ulisogea kaskazini kidogo kutoka ule uliotangulia, mpaka Salahuddin alipoanza kujenga ngome yake juu ya kilima mwaka 1176 ili ukuta mmoja uwalinde watu wa Cairo na wa Fustat kwa pamoja. Msafiri anayeijua habari hii huona ratiba yake ikijipanga karibu yenyewe, kwani badala ya kukimbia na gari kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine akifuata orodha ya vivutio, huutembelea mji mkuu mmoja kwa siku moja, kwa miguu, kisha akalala.

Siku ya Fustat ni nyepesi kuliko zote. Treni ya chini ya ardhi, iliyoanza kazi mwaka 1987 na ambayo ndiyo ya kwanza barani Afrika, ina kituo kiitwacho Mar Girgis, na mlangoni pa kituo hicho tu unakutana na kuta za ngome ya Kirumi ya Babylon. Kanisa la Kikopti linaloitwa la Kuning'inia limejengwa juu ya lango la ngome hiyo, sinagogi la Ben Ezra liko hatua chache kutoka hapo, na msikiti wa Amr hauko mbali. Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri, ambako miili ya wafalme wa kale ilihamishiwa kwa maandamano makubwa mwezi Aprili 2021, iko katika eneo hilo hilo la Fustat. Siku ya pili inamtosha mtu kuuona msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879 na wenye mnara ambao ngazi zake zinauzunguka kwa nje, kisha msikiti wa Sultani Hassan, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1356, na ngome ya Salahuddin juu yake.

Lakini al-Qahira yenyewe, yaani mji wa Wafatimiya na baadaye wa Wamamluki, watawala waliotokana na askari watumwa, haiwezi kutazamwa kwa siku moja, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenzangu wasikilize kwa makini. Mtaa wa al-Mu'izz unaanzia Bab al-Futuh, lango la mwaka 1087, na kushuka kusini hadi Bab Zuweila, lango la mwaka 1092, ambako Waothmani walimnyonga Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Wamamluki, mwaka 1517. Umbali wenyewe si mrefu, nao mtu mwenye haraka anaweza kuumaliza kabla kahawa haijapoa. Asiye na haraka ataingia Bayt al-Suhaymi, nyumba ya mfanyabiashara ya karne ya 17, aone jinsi ua na madirisha ya mbao yaliyochongwa yanavyoupooza upepo. Atasimama mbele ya sabili ya Abd al-Rahman Katkhuda ya mwaka 1744, ambayo chini yake wapita njia waligawiwa maji na juu yake watoto walifundishwa Kurani. Ataingia majengo ya Qalawun ya mwaka 1284 na 1285, ambamo sultani huyo wa Wamamluki aliweka kaburi lake, madrasa na hospitali mahali pamoja. Nadhani hakuna mtaa mwingine ambao mtu anaweza kusoma historia ya dola kadhaa kwa kuvuka barabara tu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco ambaye wasomaji wa pwani yetu wanamkumbuka kwa kufika Kilwa mwaka 1331, alikuwa amepita Cairo mwaka 1326, na majengo ya Qalawun yalikuwa yamekwisha kusimama pale.

Sasa nije kwenye chakula, jambo ambalo washauri wa safari hulitaja mwishoni, kwa aya moja, kana kwamba msafiri hali mpaka amalize kutazama. Katika Cairo chakula na historia vinakaa kwenye mtaa mmoja. Mwanzo wa mtaa wa al-Mu'izz, karibu na Bab al-Futuh, upo msikiti wa al-Hakim, khalifa ambaye mwanzoni mwa karne ya 11 aliwapiga watu marufuku kula molokhia. Molokhia ni mboga ya majani, inateleza kama mlenda wetu, na kwa kweli mmea wenyewe ni jamaa wa mlenda. Huko huipika kwa mchuzi wa kuku au sungura, ikatiwa kitunguu saumu na giligilani vilivyokaangwa. Khalifa amekwenda na marufuku yake imekwenda naye, na mboga ingali inapikwa karibu kila nyumba. Msafiri aliyetoka kuutazama msikiti huo akala molokhia mchana wa siku hiyo hiyo ameelewa kitu ambacho bango la maelezo ukutani halitamwambia.

Chakula cha mji huu kina saa zake, na ratiba isiyozijua saa hizo itamwacha mtu na njaa au itampeleka kwenye mikahawa ya watalii. Asubuhi ni ya ful, maharage makubwa ya kahawia yanayopikwa kwa moto mdogo usiku kucha katika sufuria yenye tumbo pana na shingo nyembamba, yakaliwa na mafuta, bizari, limau na mkate wa aish baladi. Wauzaji wenye mikokoteni huwahudumia watu wanaokwenda kazini, kwa hiyo anayeamka saa nne hana haki ya kulalamika kwamba hakuiona. Pembeni ya ful kuna ta'amiya, ambayo Wamisri huitengeneza kwa maharage hayo hayo na si kwa dengu za mviringo kama nchi jirani, na ndani yake ni ya kijani kwa sababu ya majani mabichi ya viungo yanayochanganywa humo. Chakula kikuu cha siku huliwa alasiri, mara nyingi saa tisa au saa kumi, na cha usiku huchelewa sana. Kwa mwenye njaa ya katikati ipo koshari: wali, dengu za kahawia, makaroni, dengu za mviringo na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikauke, vyote katika bakuli moja, vikamwagiwa mchuzi wa nyanya na siki ya kitunguu saumu. Haina nyama, ni rahisi, na inamshibisha mtu aliyekwisha kutembea tangu asubuhi. Njiwa aliyejazwa wali, au ngano iliyovunwa mbichi ikachomwa, nashauri awekewe jioni ambayo msafiri hana haraka ya kwenda popote, kwa sababu ana mifupa mingi na huliwa kwa mikono tu.

Ukizipanga saa hizo pamoja na saa za misikiti, utaona kwamba zinakubaliana. Ful alfajiri, matembezi kabla jua halijawa kali, koshari au kikombe cha chai wakati wa adhuhuri ambapo waumini wanaswali na mgeni hapaswi kuzurura katikati yao, kisha chakula kikubwa alasiri, na soko la Khan el-Khalili baada ya magharibi, wakati maduka yanang'aa na mikahawa ya kahawa imejaa. Siku ya Ijumaa mchana asipange mtu kutalii msikiti wowote. Mwezi wa Ramadhani wengi huuogopa kwa sababu migahawa mingi hufungwa mchana, lakini mimi nausifu kwa anayeweza kustahimili, maana mji wa kale baada ya futari una uhai ambao miezi mingine haina. Kuhusu majira, Novemba hadi Machi ni afadhali; kiangazi joto hupanda mno, na katika majira ya kuchipua huvuma upepo wa khamsin unaoleta vumbi la jangwani.

Mambo madogo ya fedha nayo yanahitaji kutajwa. Wageni hulipa kiingilio kikubwa kuliko Wamisri, na katika vituo vingi vikubwa tiketi hulipiwa kwa kadi ya benki, hivyo asiende mtu na fedha taslimu peke yake. Wakati huo huo awe na noti ndogo za pauni za Misri kwa ajili ya ful, chai, na bakshishi ya anayemlinda mtu viatu vyake msikitini. Makumbusho Makuu ya Misri, yaliyofunguliwa rasmi Novemba 2025 karibu na piramidi, yapangiwe siku moja na piramidi hizo, na tiketi zake zinunuliwe mapema kwa njia ya mtandao.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wa safari utakapozungumzia Cairo tena, uchapishe ramani ndogo ya mtaa wa al-Mu'izz badala ya picha nyingine ya ngamia mbele ya piramidi. Katika ramani hiyo uonyeshwe msikiti wa al-Hakim, Bayt al-Suhaymi, Qalawun, msikiti wa al-Azhar na Bab Zuweila, na majina ya vyakula yaandikwe kwa herufi zetu na kwa Kiarabu, ili msomaji aweze kumwonyesha muuzaji kwa kidole pale ulimi utakapomshinda. Ukurasa mmoja unatosha kwa kazi hiyo.

Wako,
Msomaji wa ukurasa wa safari