Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Kilimanjaro

Yah: Mchango wa hiari wa watumishi kwa ajili ya utafiti wa saratani

Ndugu Katibu Tawala,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Kila mwisho wa mwezi hati ya mshahara inanijia na safu ya makato: kodi, mfuko wa pensheni wa PSSSF, bima ya afya, chama cha wafanyakazi, mkopo wa elimu ya juu, SACCOS. Naomba chini yake uongezwe mstari mmoja, kwa mtumishi anayetaka tu: utafiti wa saratani unaofanyika hapa Moshi.

Nasema utafiti, sisemi matibabu. Mtu akilazwa, watu wa Kilimanjaro hatuna shida ya kuchangishana. Kundi la WhatsApp linafunguliwa asubuhi, mweka hazina anapatikana, jioni fedha zimeshatumwa kwa simu. Lakini sijaona kundi linalofunguliwa kuchangia swali ambalo halijapata jibu, na sisi tunayo maswali ya namna hiyo, tena ya kwetu hasa.

Chukua saratani ya koo la chakula. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa saratani hii, na Kilimanjaro tumo. Watafiti wamewahi kupita kwa wananchi mkoani humu na vipimajoto, wakipima joto la chai pale mtu anapoanza kuinywa. Aliyekulia huku anaijua chai hiyo: birika limetoka mekoni sasa hivi, kikombe kinafuka, mzee anapuliza mara mbili kisha anavuta. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Je, ni joto la chai peke yake, au limechanganyika na pombe, tumbaku na moshi wa kuni? Hilo haliwezi kujibiwa na mtu aliyeko Geneva bila sampuli na historia za wagonjwa wa Rombo, Hai na Same.

Na kazi hiyo ina gharama ndogondogo ambazo sisi tunaziweza: nauli ya kumfuata mgonjwa kijijini baada ya kuruhusiwa, vocha ya simu, vichupa vya sampuli, mafuta ya jenereta umeme ukikatika ili jokofu lisizime, posho ya karani anayeingiza takwimu. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina kituo cha saratani, na taasisi ya utafiti ya KCRI ipo hapo hapo. Watumishi 1,000 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka ni shilingi milioni 24. Fedha hizo hazijengi maabara. Zinatosha kabisa kufanya wagonjwa wasipotee katikati ya utafiti.

Tumeshaona utafiti wa nyumbani ukifika mbali. Mkoa wetu ndio uliojaribiwa chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2014, kabla haijasambazwa nchi nzima 2018. Kisha kule Mwanza wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 wakashiriki utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu, na dozi moja ikaonyesha kinga nzuri. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Binti anachomwa mara moja, basi. Wasichana walikuwa wetu na watafiti wetu walikuwemo, ila fedha zilitoka nje. Mwenye fedha ndiye anayechagua swali, na hili linaniuma.

Najua wenzangu watakachosema, na wana haki. Neno mchango limechosha watumishi. Kuna ofisi niliyowahi kufanyia kazi tulikatwa mchango ambao hatukuuridhia, na hadi nahama hakuna aliyetuambia ulitumikaje. Ndiyo maana naomba mambo haya yaandikwe tangu mwanzo: mtumishi asaini fomu mwenyewe, aweze kujitoa kwa barua moja bila kuulizwa na mkuu wake wa idara, orodha ya waliotoa na wasiotoa isibandikwe popote, na kila robo mwaka matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo, shilingi kwa shilingi. Uingereza wana utaratibu wa mchango kupitia mshahara tangu 1987, na unakatwa kabla ya kodi. Sisi tuanze bila nafuu hiyo.

Naelewa kwamba makato mapya kwenye mishahara ya serikali hayaamuliwi Moshi. Naomba uombe kibali huko juu kwa niaba yetu, na wakati tukisubiri uzikutanishe SACCOS za watumishi na KCRI, wakubaliane jinsi mwanachama atakavyotoa kupitia akaunti yake.

Fomu ikitoka, yangu nitaisaini siku hiyo hiyo.

Naomba kuwasilisha.

Mtumishi wa umma,
Moshi