Mwanangu, hizi ndizo sentimita 70 zako

Mwanangu mpendwa,

Sasa dawa zako zimo mikononi mwako, na tarehe za sindano utazikumbuka mwenyewe. Nakuandikia yale ambayo ningependa uyajue kwa undani, si kwa kukaririshwa. La kwanza ni hili: shida yako haiko kwenye sahani. Watu watakwambia ongeza nyama, ongeza mboga, kunywa maziwa, na watasema kwa upendo. Lakini chakula kinaweza kushuka kikiwa kamili na bado kikapita bila kuingia kwenye damu, kwa sababu pale kilipokuwa kinaingilia, kwenye kile kipande cha utumbo mwembamba ulichokatwa, hapapo tena.

Utumbo mwembamba umegawana kazi. Sehemu ya kwanza, inayopokea chakula kutoka tumboni, ndiyo inayonyonya madini ya chuma. Asidi ya foliki na vitamini nyingine nyingi huingia hapo na katika sehemu ya kati. Mwishoni kabisa, kabla ya utumbo mpana, ndiko viliko vipokezi vya vitamini B12, na ndiko chumvi za nyongo zinakofyonzwa zirudi kwenye ini zikatumike tena. Wewe uliondolewa sentimita 70 za mwisho huo. Utumbo uliobaki hujifunza mengi kadiri miezi inavyopita, ila kazi hizo mbili sehemu ya kati haizijifunzi. Aliyekatwa chini ya sentimita 20 kwa kawaida B12 yake hubaki salama. Aliyekatwa zaidi ya 60, upungufu karibu haukwepeki. Ndiyo maana nakuomba ukimwona daktari mpya usimwambie tu kwamba uliwahi kupasuliwa utumbo. Mwambie ni sehemu gani na sentimita ngapi, na kwamba utumbo mpana wako ni mzima, maana matibabu yako yote yanaanzia hapo.

Nitakaa zaidi kwenye B12, kwa kuwa ndiyo inayodanganya kuliko zote. Ini huweka akiba yake ya miaka kadhaa. Mtu akiacha sindano leo, mwezi ujao atajisikia vizuri, mwaka ujao pia, na ataanza kuamini kwamba hakuwa akiihitaji. Kisha vidole vya miguu vinaanza kufa ganzi, anayumba akitembea gizani au akifumba macho anaponawa uso, ulimi unakuwa laini na unawasha, kumbukumbu inapungua. Usisubiri upungufu wa damu uonekane kwanza: mishipa ya fahamu inaweza kuumia wakati kipimo cha damu bado ni kizuri, na ikiumia kwa miezi mingi huenda isipone yote. Sindano yako ni hidroksokobalamini, yaani B12 ya kuchoma, miligramu 1 kila baada ya miezi 2 hadi 3, maisha yote. Siku unayojisikia mzima ndiyo siku ya kuichoma.

Utasikia kwamba vidonge vinatosha. Si uongo, lakini elewa hesabu yake. Bila vile vipokezi, karibu asilimia 1 tu ya B12 unayomeza hupenya yenyewe kwenye ukuta wa utumbo. Kidonge cha maikrogramu 1000 hukupa kama 10, na mwili wa mtu mzima unahitaji 2.4 kwa siku, kwa hiyo kinaweza kukutosheleza ukikimeza kila siku bila kukosa. Kile cha mchanganyiko wa vitamini chenye maikrogramu 5 kitakupa karibu na sifuri. Mimi naona bora sindano, kwa sababu wiki ya kuharisha haiwezi kuisukuma nje. Kipimo cha B12 kwenye damu kifanywe siku chache kabla ya sindano inayofuata. Ukipimwa wiki moja baada ya kuchomwa, namba itakuwa juu na haitakwambia lolote. Majibu yakiwa kati ya pikogramu 200 na 300 kwa mililita, usikubali kuambiwa kwamba yako sawa yakaishia hapo. Omba kipimo cha asidi ya methilimaloniki, ambayo hupanda seli zinapokosa B12, na waangalie figo pia, kwa sababu figo dhaifu nazo huipandisha.

Na kuna mtego mmoja. Ukionekana una upungufu wa damu, mtu anaweza kukupa asidi ya foliki peke yake. Damu itapendeza, wewe utafurahi, na huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Foliki usianze kabla B12 haijajulikana au haijachomwa. (Kabla ya mwaka 1926 upungufu wa B12 ulikuwa ukiua. Mwaka huo madaktari Minot na Murphy walionyesha kwamba wagonjwa waliolishwa maini kwa wingi kila siku walipona, na mwaka 1934 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na daktari mwenzao Whipple. B12 yenyewe ilitengwa mwaka 1948. Kila nikiona kile kichupa kidogo chekundu nawashukuru watu hao.)

Sasa nyongo. Chumvi zake zisipofyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba humwagikia kwenye utumbo mpana, nazo huvuta maji. Huo ndio mharo wa majimaji unaokukimbiza chooni mara tu baada ya kula na kukuacha na mchomo. Hautokani na chakula kichafu, wala dawa za kuua bakteria haziusaidii. Unga wa kolestiramini hunasa chumvi hizo. Ukoroge kwenye maji, usiulambe mkavu hata siku moja. Ubaya wake ni kwamba haubagui: hunasa pia vitamini A, D, E na K pamoja na dawa nyingine, hata vidonge vya kupanga uzazi. Vyote hivyo vimeze saa 1 kabla ya unga, au saa 4 hadi 6 baada yake.

Aliyekatwa zaidi ya sentimita 100 ana shida nyingine. Ini lake haliwezi tena kutengeneza nyongo ya kufidia inayopotea, basi mafuta ya chakula yanapita bila kusagwa. Wewe uko chini ya mpaka huo, lakini mpaka wenyewe haukuchorwa kwa rula. Angalia choo chako bila aibu. Kikiwa cheupecheupe, kinang'aa, kinaelea, kinanata kwenye sinki na kunuka kupita kawaida, hayo ni mafuta. Hapo unga wa kolestiramini unaweza kuzidisha ubaya, kwa hiyo usiongeze kipimo mwenyewe. Piga simu kwanza kwa daktari.

Mafuta yakipotea, vitamini zinazosafiri nayo hupotea pia. A ikipungua utashindwa kuona vizuri jioni. K ikipungua utatoka michubuko bila kujigonga na fizi zitavuja damu. D haina kelele: mapaja yanachoka kupanda ngazi, mifupa inauma kwa ndani, na huku inapungua uzito. Kidonge cha D kimeze na mlo wenye mafuta zaidi wa siku, si asubuhi na maji matupu. Ukipewa majibu yake soma kwanza kipimo kilichoandikwa pembeni, kwa sababu nanogramu 20 kwa mililita ni sawa na nanomoli 50 kwa lita, na watu wameshangilia namba kubwa isiyo kubwa. Vitamini A usijiongezee kwa kubahatisha. Hujikusanya kwenye ini, na siku ukiwa mjamzito, retinoli (ndiyo vitamini A yenyewe) ya zaidi ya maikrogramu 3000 kwa siku inaweza kumdhuru mtoto.

Jambo linalowapita wengi ni mawe ya figo. Kwa kawaida kalsiamu hushikana ndani ya utumbo na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya vyakula, vikatoka pamoja. Mafuta yasiyosagwa huishika kalsiamu, oksaleti inabaki huru, utumbo mpana unaifyonza, na figo inaishia kuzaa mawe. Kwa hiyo usikimbie kalsiamu ukidhani ndiyo inayotengeneza mawe. Imeze pamoja na mlo, isizidi miligramu 500 kwa mara moja, maana ukimeza nyingi zaidi utumbo hauzichukui zote. Punguza spinachi, lozi na kakao, vyenye oksaleti nyingi, kunywa maji hadi mkojo uwe mweupe, na usimeze vitamini C ya gramu nzima kila siku, kwa kuwa sehemu yake hugeuka oksaleti.

Madini ya chuma yanaingilia juu, mahali ambapo wewe ni mzima, lakini bado yanaweza kukuishia kwa kuvuja damu au kwa uvimbe wa ndani. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda mwili unapokuwa na uvimbe, kwa hiyo feritini inayoonekana nzuri yaweza kuficha akiba tupu. Omba CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe, ipimwe siku hiyohiyo. Ukipewa feri salfeti ya miligramu 200, ndani yake mna kama miligramu 65 za chuma chenyewe. Uliza kama unaweza kumeza siku moja na kuruka moja: dozi ya leo hupandisha homoni inayofunga mlango wa chuma hadi kesho, na kidonge cha kesho kinabaki tumboni kukusumbua. Meza kwa maji, mbali na chai, kahawa, maziwa na kalsiamu, angalau saa 2. Choo kitakuwa cheusi na hiyo ni kawaida, ila kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Magnesiamu hutoka na mharo. Ikipungua, kalsiamu na potasiamu navyo vinashuka na havipandi hata ukiongezewa, hadi magnesiamu irudi. Ukikakamaa misuli au kusikia vichomi kuzunguka midomo, itaje mwenyewe, maana mara nyingi haimo kwenye orodha ya kawaida ya maabara. Zinki nayo ina fitina yake. Ukiimeza kwa wingi kwa miezi huifukuza shaba, na upungufu wa shaba hufanana sana na ule wa B12, ganzi na kuyumba vilevile. Ukianza kuyumba na B12 yako ni nzuri, waambie wapime shaba.

Vile vidonge vya nywele na kucha vina biotini, nayo huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo. Viache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu.

Jambo la mwisho ndilo la haraka kuliko yote. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki 2 au 3 tu. Ukitapika kwa siku nyingi na hushikilii chakula, kisha ukachanganyikiwa, ukaona vitu viwili viwili au ukapepesuka, inaweza kuwa ndiyo iliyokwisha, na dripu ya glukosi peke yake humaliza kile kidogo kilichobaki. Siku hiyo huenda usiweze kujieleza, kwa hiyo andika kikaratasi sasa hivi, ukiweke nyuma ya kitambulisho chako, na umwonyeshe unayeishi naye mahali kilipo: "Nimeondolewa sentimita 70 za mwisho wa utumbo mwembamba. Utumbo mpana ni mzima. Hidroksokobalamini miligramu 1 kila miezi 3, sindano ya mwisho tarehe..." Hapo andika kwa penseli, ili uweze kufuta na kubadilisha. Chini yake: "Kama nimekuwa nikitapika, nipeni B1 kwa mshipa kabla ya glukosi au pamoja nayo. Pimeni magnesiamu."

Ukishakiandika nipigie picha unitumie.

Mama yako