Vitufe 61 Vinatosha? Tumejaribu Kibodi Fupi ya Mekanika kwa Gemu na kwa Kazi

Siku hizi kijana akiingia dukani kwetu Kariakoo, haanzi na bei. Anaishika kibodi ndogo ya mekanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake, anabonyeza vitufe viwili vitatu, anatabasamu, halafu: "Kaka, na kazi za chuo nitachapia hii hii?" Tulikuwa tunajibu ndiyo haraka haraka. Mwishowe tukaona aibu, tukatoa moja ya vitufe 61 kwenye boksi na kuitumia wenyewe siku kumi: mchana kwenye meza ya steshenari, tunapochapa barua na CV za watu, na usiku kwenye gemu.

Usiku kwanza. Kwenye gemu za risasi, kibodi fupi ni raha tupu. Upana wake ni sentimita 30 hivi, wakati ile ndefu ya vitufe 104 inakaribia 44, na hiyo tofauti yote anapewa mausi atembee. Halafu kuna suala la kubonyeza vitufe kadhaa kwa mpigo: unakwenda mbele, unakata kushoto, unaruka. Kibodi nyingi za kawaida, zile za mpira, hukwama hapo kwa sababu vitufe vyake vinagawana njia za umeme. Shika vitatu fulani pamoja, cha tatu hakisikiki. Mekanika iliyotengenezwa vizuri ina diodi, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila swichi, kwa hiyo hakuna kitufe kinachomzibia mwenzake.

Tukafungua gemu ya mpira wa miguu. Loo! Asiye na pedi ya kuchezea gemu huwakimbiza wachezaji kwa vitufe vya mishale, na kibodi ya vitufe 61 haina mishale. Imefichwa ndani ya vitufe vingine, huipati mpaka ushikilie kitufe cha Fn. Hebu mkimbize winga huku kidole kimoja kimeng'ang'ania Fn. Tulifungwa manne, tena na kompyuta. Unaweza kuhamishia mwendo kwenye herufi, lakini mkono uliozoea mishale miaka kumi hausikii.

Mchana yalikuwa mengine. Tulianza na swichi za buluu, zile zinazolia "tak" kila ukibonyeza. Dada anayechapa hapo mezani alizipenda mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo mteja akipokea simu analazimika kutoka nje. Ilikuwa kama mvua kwenye bati. Tukang'oa za buluu, tukapachika za kahawia. Hizi hazilii, ila kidole kinahisi kijiinuko kidogo pale herufi inapoingia. Nyekundu hazina kijiinuko kabisa, zinateleza moja kwa moja kwa uzito wa gramu 45 hivi. Wacheza gemu wanazisifu sana, lakini mchapaji mwenye mkono mzito atajaza herufi ambazo hakuzikusudia. Kwa anayefanya yote mawili, sisi tunasema kahawia.

Kung'oa na kupachika huko kunawezekana tu kama kibodi ina soketi za swichi, yaani vishimo vya kuchomekea swichi bila kuichomelea. Uliza hilo kabla ya rangi za taa! Kwenye kibodi yenye soketi, swichi moja ikifa tunaitoa kwa koleo dogo na kuweka nyingine ukiwa umesimama hapo hapo. Isiyo na soketi inahitaji kuchomelewa kwa risasi ya kuyeyusha, na hiyo unatuachia mpaka kesho. Chai ikimwagika, ichomoe kwanza, uipindue, kisha uilete. Usiikaushe juani.

Sasa lile linalowarudisha wateja wakiwa wamekunja uso: "Kibodi mbovu, nikibonyeza @ inatoa alama za kunukuu." Si mbovu. Laptopu nyingi zinazoletwa kutoka Uingereza zimepangwa kwa mpangilio wa huko, na kibodi hizi fupi nyingi zimechorwa kwa mpangilio wa Marekani, ambapo @ ipo juu ya 2. Windows haisomi michoro ya vitufe, inafuata ilivyoambiwa. Wengine wamewekewa ule mpangilio wa Marekani wa kimataifa, na huo ndio unaotutesa sisi Waswahili: ukiandika ng'ombe unapata ngómbe, kwa sababu ile ritifaa (') inasubiri irabu ili iipandie kichwani. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya lugha na kuchagua mpangilio wa kawaida wa Marekani. Hatutozi kitu kwa hilo.

Kwa hiyo tunajibu vipi siku hizi? Kama ni gemu za risasi tu na kuchapa kidogo, chukua ya 61 kwa amani. Kama kuna mpira wa miguu au ripoti ndefu unazozunguka ndani yake kwa mishale, ongeza kidogo uchukue ya vitufe 68. Inaizidi ya 61 upana kwa sentimita mbili tu na mishale ipo. Kama kutwa unaingiza hesabu kwenye Excel, kusema kweli hatutakuuzia fupi yoyote. Hazina namba za pembeni, na F2 ya kurekebisha seli mpaka uitafute kwa Fn.

Za majaribio zipo mezani, kila rangi ya swichi na yake. Njoo na laptopu yako, tuchomeke, ukae robo saa. Anza kwa kuandika "ng'ombe wang'ang'anizi" na anwani yako ya barua pepe. Zikitoka sawa, ndipo tuzungumze bei.