Chuo cha wanawake sio mahali pa kumfichia binti

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila mada ya vyuo vya wanawake ikiguswa naona maoni ni yaleyale, mzazi mmoja anasema huko ndo salama mtoto hatasumbuliwa na wavulana, mwingine anasema huko binti anadumaa akitoka hatajua kufanya kazi na wanaume. Mi nimesoma chuo cha wanawake watupu mpaka nikamaliza digrii na naona pande zote mbili zinaongelea wanaume tu, hakuna anayeuliza sisi tuliokuwa ndani tulikuwa tunafanya nini.

Tulikuwa tunafanya kila kitu, ndo jibu langu. Sekondari nilisoma shule ya mchanganyiko na kwenye maabara ya fizikia utaratibu ulikuwa unajulikana bila kuambiwa, wavulana wanashika vifaa, wasichana tunaandika majibu kwa sababu eti tuna mwandiko mzuri. Hakuna mwalimu aliyetunga hiyo sheria na wala wale wavulana hawakuwa wabaya, ilikuwa inatokea tu, mita ikiwekwa mezani mkono wa kwanza kuifikia ni wa mvulana. Sasa chuoni tukakaa wanne kwenye meza, saketi haijaungwa, na wote wanne tumeshika kalamu. Tukaangaliana. Mwalimu wa maabara akapita akatutazama akaenda meza nyingine wala hakusema kitu, ikabidi mmoja wetu aweke kalamu chini achukue bisibisi, yani tulichoma vidole kwa lehemu, tukaunga nyaya kinyume betri ikapata moto, tukafungua zote tukaanza upya. Kufika mwisho wa muhula kazi ikawa kumpata wa kuandika majibu maana kila mtu anataka kushika vifaa.

Na ni hivyohivyo kwenye mambo mengine. Kwenye serikali ya wanafunzi ya vyuo vingi mwanamke anapewa umakamu au ukatibu, ila kwetu mwenyekiti ni mwanamke, mhazini ni mwanamke, anayepingana na mhazini kikaoni ni mwanamke, anayebeba spika kupandisha jukwaani na kupanda ngazi kufunga nyaya za taa ni mwanamke, kwa hiyo ukijaribu kurudi nyuma umwachie mwenye nafasi yake unageuka unakuta hakuna mtu, ni wewe. Hata darasani mwaka wa kwanza wengi tulikuwa tunaanza kila jibu na samahani, sijui kama niko sawa lakini, afu polepole ile samahani ikapotea, sikumbuki hata iliisha lini.

Kuna mtu mmoja napenda sana habari zake, Frances Perkins. Alisoma Mount Holyoke kule Marekani, chuo cha wanawake kilichoanzishwa na Mary Lyon mwaka 1837, akasomea fizikia na mwaka anamaliza 1902 alikuwa ndo rais wa darasa lake. Alipokuwa pale kuna mwalimu wa historia, Annah May Soule, alikuwa anawatoa wanafunzi darasani anawapeleka viwandani waone kwa macho yao watu wanavyofanya kazi, masaa mangapi, hali gani. Mwaka 1933 Perkins akawa waziri wa kazi chini ya Rais Roosevelt, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri Marekani, akakaa mpaka 1945, na ile sheria ya mafao ya uzeeni ya 1935 ina mkono wake mkubwa. Najua kuna atakayesema huyo angefika tu hata angesoma wapi, na ni kweli wanaoingia vyuo hivi wengi walikuwa na juhudi tangu nyumbani, siwezi kusema chuo ndo kilimuumba. Ila mi nikisoma habari zake naiona ile siku ya kiwandani, msichana wa mwaka 1900 na kitu ameshika daftari anawauliza maswali watu wazima na hakuna wa kumwambia kaa pembeni, hiyo naijua kwa sababu nimeipitia kwa namna yangu.

Wengine wanauliza vyuo hivi vya nini siku hizi wakati milango yote iko wazi. Ni swali la haki kabisa, kwa sababu vilianza milango ikiwa imefungwa. Girton, chuo cha wanawake kule Uingereza, ilianza 1869, wanawake wakawa wanafanya mitihani ya Cambridge na kufaulu vizuri, lakini chuo kikuu kile kilikuja kuwapa digrii kamili mwaka 1948, hebu piga hesabu hapo. Ewha ya Seoul, Korea, ilianza 1886 na mwanafunzi mmoja tu. Tsuda Umeko, Mjapani, alipelekwa Marekani akiwa bado mtoto mdogo, akaja kusoma chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, na 1900 akafungua shule yake ya wanawake Tokyo ambayo leo ni chuo kikuu. Halafu vyuo vikubwa vya wanaume vilipoanza kupokea wanawake, Yale na Princeton mwaka 1969 kwa mfano, wasichana wengi wakaenda huko, Vassar iliyokuwa ya wanawake nayo mwaka huohuo ikafungulia wanaume, na vyuo vya wanawake Marekani ambavyo miaka ya 1960 vilikuwa zaidi ya 200 leo havifiki 40. Vilivyobaki vimebaki kwa sababu kuna watu bado wanavitaka, Newnham pale Cambridge bado ni ya wanawake, Ahfad ya Omdurman kule Sudan ina mizizi yake kwenye shule ya wasichana ya 1907, na Smith mwaka 1999 ikaanzisha digrii ya uhandisi, chuo cha kwanza cha wanawake Marekani kufanya hivyo.

Na hiyo habari ya kutojua kukaa na wanaume niseme tu, wanaume tulikuwa nao. Wahadhiri wetu nusu walikuwa wanaume, wikiendi marafiki wapo, na vyuo vingi vya namna hii vinashirikiana na jirani, kule Marekani wa Barnard anachukua masomo Columbia, wa Wellesley anachukua kwenye chuo cha teknolojia cha MIT. Nilipoanza kazi nikakuta kikao cha wanaume watupu na mimi, meneja akaniomba niandike muhtasari, nikamwambia leo nina ripoti ya kuwasilisha naomba mwingine aandike. Akaandika mwingine, kikao kikaendelea, hakuna aliyenuna.

Sio kwamba ni peponi. Chuo nilichosoma kilikuwa na mlinzi wa geti anayetuuliza unaenda wapi na nani kama watoto wa darasa la nne, na hilo lilinikera mpaka siku naondoka, maana huwezi kumfundisha mtu kuongoza mchana afu usiku umfungie kama kuku. Umbea upo, makundi yapo, na ushindani mwingine unauma kwa sababu huna wa kumsingizia, aliyekushinda ni mwanamke mwenzako na mlikuwa maabara moja. Na kuna wenzangu walijisikia wapweke kweli, walihitaji mazingira mengine wakahama, walifanya vizuri kuhama.

Ninachowaomba wazazi ni kwamba kama sababu ya kumpeleka binti ni kumkwepesha na wavulana basi msimpeleke, ataona ni adhabu na atakuwa sahihi. Na binti mwenyewe ukitaka kuchagua, nenda siku ya masomo, omba kukaa nyuma ya darasa lolote. Angalia wanabishana na mhadhiri au wananakili tu. Ingia maabara uone vifaa vinatumika au vimefunikwa vumbi. Waulize waliomaliza miaka mitano iliyopita wako wapi, na uliza pesa za chuo zikoje, hilo watu hawaulizi kabisa, wakati Sweet Briar, chuo cha wanawake Marekani, mwaka 2015 ilitangaza inafungwa ikaokolewa na wahitimu wake waliochanga pesa na kwenda mahakamani, na Mills, nacho cha wanawake, mwaka 2022 kikamezwa na chuo kikuu cha Northeastern wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Uliza pia kuhusu hilo geti, linafungwa saa ngapi na nani aliamua, kama ni wanafunzi wenyewe walikaa wakapiga kura ni dalili nzuri sana.

Ni mimi msomaji wenu,
Mhitimu wa chuo cha wanawake