Rimu za Noah: pima kwanza

Stuttgart

Mdogo wangu,

Habari za Moshi? Mama nimeongea naye Jumapili, nimefurahi goti limepungua kuuma.

Rimu ulizoniomba zipo, tena kwa bei ya kutupa. Huku watu wengi wana seti mbili za magurudumu, za kiangazi na za baridi. Mtu akiuza gari, seti moja inabaki stoo kwetu kazini. Lakini sinunui mpaka upime. Hayo ya fundi wako kwamba "tundu tano ni tundu tano" hayanitoshi.

Nyingi ni za Mercedes na Volkswagen, tundu tano kwenye duara la milimita 112, yaani upana wa duara linalopita katikati ya tundu zote. Toyota Noah yako ni 114.3. Tofauti hiyo jicho halioni, na ubaya wake ni kwamba fundi akilazimisha, rimu inaingia. Inaingia, ila nati hazikai sawa na stadi, zile bolti zinazoshika rimu, zinavutwa upande. Sasa ngoja zilegee, au stadi ikatike, uko mteremko wa Kikafu na abiria wamejaa!

Tundu zingekuwa nne au sita ungepima katikati ya moja hadi katikati ya inayotazamana nayo, basi. Tano hazitazamani. Kwa hiyo vua tairi, chukua stadi mbili zilizo jirani, pima kutoka ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa nyingine, kisha zidisha kwa 1.7 upate upana wa duara. Yako itoe 67 na pointi kidogo kabla ya kuzidisha. Ya Mercedes ni 65.8. Tofauti haifiki hata milimita moja na nusu, kwa hiyo utepe wa fundi cherehani sitaki kuusikia. Azima venia, kile kipimo cha chuma cha kubana, kwa wale rafiki zako wa VETA.

Pima pia tundu kubwa la katikati ya rimu uliyo nayo. Toyota yako ni 60.1. Rimu yenye tundu dogo kuliko hapo haiingii kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Kubwa zaidi inataka ringi ya kuziba nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukikolea mwendo.

Spesa, yale mabamba ya kuweka kati ya rimu na habu, usiniombe, situmi.

Nitumie picha venia ikiwa kwenye stadi, namba zisomeke, kabla kontena la shemeji yako halijafungwa. Na uniambie kama unataka nati mpya, za zamani najua zimeshaliwa.

Dada yako