Usimfuate Peke Yako

Shinyalu, Kakamega

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hatujambo, ila tangu uliponitajia tarehe ya safari silali vizuri. Zile karatasi ulizoacha mezani nimezisoma zote, na picha ya wale nyani wadogo waitwao kapuchini, aina mbili, wa msitu wa Manu, kule Peru, nimeitazama mpaka nikawajua.

Yule mwenye shungi la nywele nyeusi na taya nene hanitishi. Anang'ang'ania mbegu ngumu za michikichi ya huko, anazigonga kwenye tawi mpaka zipasuke, na ule mlio unasikika kutoka mbali. Ukimpoteza utamtafuta kwa sikio. Ninayemwogopa ni yule mwembamba, mwenye paji jeupe. Taya zake hazina nguvu hiyo, kwa hiyo anazunguka mbali akitafuta mikuyu iliyoiva. Nawe nakujua, ukishika jambo huliachi. Utamfuata mpaka giza likukute. Usimfuate peke yako, hata kama wenzako wamechoka. Wakichoka, rudini kambini wote.

Kanisani wananiuliza kama ni kweli unasomea nyani. Nawaambia hao wawili waliwekwa katika jenasi moja, yaani ukoo mmoja wa kisayansi, mpaka 2012, wataalamu walipomtenga mwenye shungi akawa Sapajus na mwembamba akabaki Cebus, na binti yangu anakwenda kuona wanavyogawana msitu mmoja. Hapo wananyamaza, nami natembea kifua mbele. Lakini Profesa Marina Cords alitoka kwao akaja kuwasoma kima wetu hapa tangu 1979, wewe uliyezaliwa kando ya msitu huu unauvuka mpaka Peru! Haya, nimekubali.

Sindano ya homa ya manjano uchomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na kadi usiiweke kwenye sanduku la ndegeni, kaa nayo mkononi. Nyani wa kwetu kwa kawaida hawafi kwa homa hiyo, wa Amerika Kusini wengi hufa. Ukimkuta nyani amelala chini ya mti, usimguse. Na hapo pia usiwe peke yako.

Kaka yako amevuna mahindi ya upande wa msituni kabla kima hawajayamaliza. Ng'ombe amezaa jike. Gambuti zako nimeziosha, lakini ya kushoto imepasuka kisigino, kwa hiyo Jumamosi njoo na pesa kidogo tununue nyingine sokoni.

Ni mimi,
Mama yako