Risala ya Kamati ya Kukusanya Zana za Wakata Magogo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wazee wetu mliofanya kazi ya magogo, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Kamati yetu iliundwa kutafuta zana za kazi ya magogo kwa ajili ya sherehe ya historia ya jamii yetu. Historia yenyewe ni ndefu na wazee wataisimulia siku ya sherehe.

Mheshimiwa, tumepata mafanikio makubwa. Tumepita nyumba kwa nyumba na kukusanya vifaa 31: mashoka, kabari, minyororo, ndoano za kubingirishia magogo, na nyundo tatu za chapa, zile zinazogongwa kwenye kichwa cha gogo ili mwenye mali alitambue gogo lake hata likichanganyika na ya wengine. Kila kifaa kimeandikwa daftarini: kilikotoka, aliyekitumia na kazi yake. Hatukupiga rangi wala kusugua kutu kwa mashine, maana chapa ya fundi aliyelifua shoka hupotea kwa namna hiyo.

Tunaomba uutazame kwa karibu msumeno wa watu wawili ulio mbele yako. Meno yake hayafanani. Yapo yanayokata nyuzi za mti, na katikati yake yapo mafupi kidogo yanayokwangua na kutoa unga nje. Mzee aliyetukabidhi alitufundisha kwamba msumeno huu huvutwa, hausukumwi. Ukisukuma, unapinda na unamchosha mwenzako. Mpini wa upande wake umelika pale gumba lilipokaa. Vijana wetu wajue pia kwamba hata misumeno ya mnyororo ya miaka ya 1920 ilikuwa mizito, na mingi ilishikwa na watu wawili.

Sasa Mheshimiwa, tunafika kwenye ombi letu, nalo ni moja tu: chumba.

Vifaa hivi vimegawanywa. Vingine viko jikoni kwa mtunza hazina wetu, vingine barazani chini ya turubai linalovuja. Kipande cha gogo tulichokitoa mtoni, chenye chapa inayosomeka vizuri, kilianza kupasuka tulipokikausha haraka kwa kukosa kivuli. Tumekirudisha kwenye pipa la maji, na pipa lenyewe ni la kuazima.

Miaka mitatu iliyopita, mgeni rasmi aliyekaa kwenye kiti kama hicho alituahidi chumba, nasi tulipiga makofi kwa moyo wote. Mwaka uliofuata alikuja mwingine na futi ya mkanda, akapima stoo isiyotumika, akaandika vipimo. Tumeandika barua nne. Tumejibiwa moja, ikisema jambo letu linashughulikiwa. Tunaheshimu ofisi zote, Mheshimiwa, lakini wanunuzi wa vyuma chakavu hawakusubiri. Ile mashine ya kuvutia magogo iliyoachwa msituni, tuliyoshindwa kuileta kwa kukosa mahali pa kuiweka, tulipoirudia tulikuta boliti nne kwenye zege na majani yaliyoungua pale ilipokatwa kwa moto. Ilikwenda kwa kilo. Hatutapata nyingine.

Jambo hili limetuumiza, na limetufungia milango pia. Familia moja ilituambia wazi: tuonyesheni kwanza mtakapoliweka, ndipo tutawapa shoka la babu. Hatukuwa na la kujibu, na kwa kweli wana haki. Nani atoe kumbukumbu ya mzazi wake ikalale chini ya turubai?

Hatuombi jengo jipya. Tunaomba stoo ile ile iliyokwisha kupimwa, iwe na paa lisilovuja, madirisha ya nondo na mlango wenye kufuli. Rafu tutatengeneza wenyewe; maseremala tunao na mbao tunazo.

Kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba kabla hujaondoka leo ututajie tarehe ya kukabidhiwa funguo, na ofisi tutakayozifuata. Wazee sita waliotuahidi zana zao wameketi mstari wa mbele. Zana ziko darini kwao, na wamesema watakwenda kuzishusha wakishasikia jibu lako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.